Vijiko Vitatu vya Unga Mweusi

Nilikwenda upande wa Salamabila kwa sababu ya mikono ya dada yangu. Ingekuwa harusi au matanga, ningetuma salamu nikabaki zangu Kasongo darasani, maana barabara ile naijua, na yenyewe inanijua, na hatupendani hata kidogo.

Dada yangu mkubwa ni Mwajuma, nami namwita Yaya, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa. Sisi ni watoto wa Nyangwe, tumekulia ukingoni mwa Lualaba. Mimi nikasoma, nikawa mwalimu wa kemia. Yeye akaolewa Kabambare, na mumewe alipofariki akaingia kwenye kazi ya kuosha dhahabu, katika kijiji kidogo ambacho wenyewe wameniomba nisikitaje. Siku moja nikiwa nasahihisha madaftari aliniletea ujumbe wa sauti kwenye simu.

"Mudogo wangu," alisema, "mikono inatetemeka. Uzi hauingii tena mu sindano. Na Riziki iko na mimba tena, na zile mbili za mbele unajua vile zilitoka. Watu wanasema ni maji. Wengine wanasema mutoni, wengine wanasema chemchemi. Wewe ulisoma mambo ya maji. Kuja utuambie tukunywe gani."

Riziki ni binti yake wa pekee. Nilisikiliza ujumbe ule mara tatu, na mara ya tatu nikaweka kalamu chini. Kule wachimbaji wanakamata dhahabu kwa zebaki. Zebaki inashikana na dhahabu ndogondogo ikawa donge, donge linachomwa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Na zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu, na ni adui wa mimba. Hayo ninayafundisha kila mwaka kwa chaki ubaoni, kisha kengele inalia na kila mtu anakwenda kwao kula.

Kupima maji ya mbali kwetu ni mateso. Safari moja ya nyuma nilikwenda kupima visima vya Wamaza nikabeba maji yenyewe kwenye chupa, juu ya pikipiki. Jamani! Chupa nyingine zilipasuka, nyingine zikavuja, na zilizosalia zilifika zimechanganyika majina kwa sababu wino ulilowa. Niliapa sitabeba tena maji ya mtu.

Lakini safari hii nilikuwa na silaha. Mwanafunzi wangu wa zamani, Idrisa, anafanya kazi kwenye maabara moja huko Bukavu, na ndiye aliyenitumia kopo la unga mweusi. Ni makaa ya kokwa za michikichi, yamesagwa, yamejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya vitundu ametia salfa, ambayo zebaki inaipenda, na chembe za chuma, ambazo sumaku inazipenda. Unatia kijiko kimoja kwenye lita moja ya maji, unatikisa, unaacha usiku kucha. Zebaki inaingia vitunduni na kunasa. Kisha unaweka sumaku ubavuni mwa chupa, unga wote unakimbilia pale, unamwaga maji, na unga wako unautia kwenye kichupa cha dawa. Maji yanabaki kwao, sumu ndiyo inayosafiri. Maabara wanaikamua kutoka kwenye unga na kuipima. Nilipoelewa jambo hilo niliruka jikoni peke yangu kama msichana.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nje ya nyumba yangu Kasongo, nimefunga kitenge vizuri, mizigo miguuni: kopo la unga lenye vijiko kumi na vinane, chupa tupu kumi na mbili za lita moja, za mdomo mpana, sumaku niliyoitoa kwenye redio kubwa iliyokufa, na samaki wa kukaushwa kutoka Nyangwe kwa ajili ya Yaya. Dereva wa pikipiki, Amisi, kijana wa Wamaza, alisema atafika saa hiyo hiyo. Alifika saa nne.

"Mwalimu, nilikuwa natia mafuta."

"Saa nne nzima unatia mafuta? Umetia pikipiki au umetia ndege?"

Akacheka. Hilo ndilo linaloniudhi kwa Amisi, ukimkasirikia yeye hakasiriki. Akafunga mizigo kwa mipira, na sumaku ikashikana palepale na tangi la pikipiki. Tukaivuta wawili mpaka ikatoka. Akaiweka kwenye mfuko wa spana zake, na tulipotaka kuondoka spana zote zilikuwa zimeikumbatia. Nikamwambia aniletee, nikaifunga kwenye nguo zangu za kulalia.

Baada ya adhuhuri mvua ilitukuta. Barabara ya kuelekea Kabambare ikinyesha inakuwa kitu kingine, si barabara tena, ni uji mwekundu. Tulianguka mara mbili. Mara ya kwanza niliuliza kama chupa zimepona. Mara ya pili niliuliza kama mimi nimepona, na Amisi akasema bado anaangalia pikipiki. Kwenye daraja la magogo matatu nilishuka nikavuka kwa miguu, kopo la unga kifuani, nikiyatukana yale magogo moja moja. Tulilala kwa shangazi yake Amisi, mama mkimya aliyetupa wali na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, bila kuuliza maswali. Mungu ambariki, ndiye mtu pekee asiyenichosha katika safari nzima.

Siku ya pili, mchana, tulifika kwenye kizuizi. Kamba imekatiza njia, kibanda cha majani, vijana wawili. Mmoja alifungua mizigo yangu.

"Hii ni nini?"

"Unga wa kupima maji."

"Unga ya kupima maji inakuwaka nyeusi?"

"Inakuwaka."

"Na hii sumaku?"

"Ya kuvuta huo unga."

"Mama, sumaku ni kitu ya watu wa dhahabu."

"Mimi ni mwalimu."

"Mwalimu wa dhahabu?"

Nilianza kueleza. Nilieleza vitundu, nikaeleza salfa, nikaeleza zebaki. Kijana akafungua kopo, akaingiza pua ndani, akanusa kwa nguvu zake zote, na akapiga chafya. Loo! Wingu jeusi likapaa. Lilimtua usoni, likatua kwenye shati lake, likatua kwenye samaki. Mwenzake alikaa chini kwa kucheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu. Mwishoni walituachia tupite, wakabaki na samaki wawili kwa ajili ya uchunguzi, walivyosema wenyewe. Ndani ya kopo vilibaki vijiko kumi na vitano.

Jioni tuliingia kijijini. Yaya Mwajuma alikuwa amesimama mbele ya nyumba, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Tulikumbatiana muda mrefu, nikasikia mikono yake mgongoni mwangu ikitetemeka, mitetemo midogo isiyokoma. Riziki alitoka jikoni akitembea polepole, mimba ya miezi saba mbele yake.

"Mama mudogo, karibu. Umekuja na matope yote ya Kabambare."

Jiko lao ni kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Tulikaa humo kwa sababu ya baridi ya mvua. Mafiga katikati, moto, chungu cha ugali. Pembeni mtungi mkubwa wa maji ya kunywa, mdomo wazi, kata imeelea juu. Ukutani mwiko, kichungio, na kifuniko cha kopo la sardini kilichoungua mpaka kikawa cheusi na buluu. Niliviona vyote hivyo. Yaya alitaka kunimiminia chai, na nusu ya chai ikaenda kwenye kisahani. Riziki akamnyang'anya birika, na sote tukajifanya hatukuona.

Wakati tunakula walinieleza habari ya maji. Mto uko karibu, hatua mia mbili tu, lakini unapita kwenye sehemu ya kuoshea dhahabu. Chemchemi iko juu mlimani, mwendo wa saa nzima, na njia inateleza. Tangu mimba ya pili ilipotoka, Yaya hamruhusu Riziki kuonja maji ya mtoni. Anapanda mlima mwenyewe na bidoni, dumu la maji, kichwani, na mikono ile.

"Kama chemchemi ndiyo mbaya," Yaya alisema, "basi mimi ndiye niko namuua."

Nikamwambia asiseme hivyo. Nikamwambia kesho nitaanza kazi.

Siku ya tatu, kutwa, nilitembea na mto kutoka juu mpaka chini, nikijaza chupa: juu ya machimbo, kwenye machimbo, chini ya machimbo, kwenye kivuko, mpaka zikawa kumi na mbili. Nilirudi nimelowa mpaka kiunoni, nimeumwa na siafu, nimepoteza kiatu kimoja. Chemchemi niliiwekea siku itakayofuata. Nikatia kila chupa kijiko cha unga, nikatikisa moja moja, nikazipanga ukutani kama wanafunzi mstarini. Maji yote yakawa meusi. Nikamwambia Yaya, "Nichungie chupa hizi," nikaenda kulala nikiwa nimeridhika na nafsi yangu kupita kiasi.

Siku ya nne, asubuhi, nilikwenda kwenye kituo cha afya kumsalimu muuguzi, maana kuingia kijiji cha mtu kupima vitu bila kumsalimu muuguzi ni kutafuta maneno. Salamu zile zilichukua saa mbili. Niliporudi, Yaya alikuwa ananingojea kwenye kona ya nyumba, uso unang'aa.

"Mudogo wangu, kuja uone. Nimekumalizia kazi."

Chupa zangu kumi na mbili zilikuwa zimepangwa juu ya benchi, zimefutwa kwa kitambaa. Maji ndani yake meupe, safi, unaona mpaka upande wa pili. 

"Yaya, unga uko wapi?"

"Unga gani?"

"Ule mweusi!"

"Ile uchafu? Nimetupa."

"Umetupa wapi?"

"Nyuma ya jiko. Tunatupaka hapo yote."

Akaniinulia sumaku yangu. Alikuwa ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki, kwa ustadi, kama wanavyofanya wanawake wote wa pale. Wakishaosha mchanga kwenye karai mpaka ukabaki kidogo, chini kunakuwa na mchanga mweusi wa chuma uliochanganyika na dhahabu. Wanachovya sumaku iliyofungwa plastiki, mchanga mweusi unaruka na kushikana na plastiki, wanautoa nje, wanachomoa sumaku kwenye mfuko, na mweusi unaanguka wenyewe. Unatupwa. Kinachobaki kwenye karai ndiyo dhahabu. Yaya alikuwa amechovya chupa zangu moja baada ya moja, zote kumi na mbili, kwa mikono inayotetemeka, asubuhi nzima, ili anipumzishe.

"Sumaku inakamata mweusi," alinieleza taratibu, kama mimi ndiye mgeni wa sumaku, "mweusi unatupa, kenye kinabakia ndiyo mali. Hii kazi mimi naijua mbele yako."

Nilipiga kelele. Sitaficha. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nilisema siku mbili za barabara, nilisema siafu, nilisema kiatu, nilisema hata mambo ya Nyangwe ya utotoni, vile aliwahi kufua daftari langu pamoja na nguo. Yaya alisimama akiwa ameshika sumaku. 

Riziki ndiye aliyejibu. "Mama mudogo, wewe ulisema tu nichungie chupa. Haukusema mali iko mu maji ama iko mu unga. Sisi tungejua namna gani?"

Darasani watoto wa watu nawaeleza jambo moja mara tano, na dada yangu mwenyewe nilimpa amri kama mtumishi kisha nikaenda kulala. Lakini wakati ule sikuwa tayari kukubali, nikasema tu kwamba jua ni kali.

Yaya akaondoka na sumaku yake. Aliifunga kamba, akaikokota juu ya ardhi nyuma ya jiko, na baada ya muda mfupi akaniletea sahani iliyojaa weusi. "Hii hapa unga yako. Imerudi yote." Ilikuwa imerudi na zaidi. Nilikuwa nimetia vijiko kumi na viwili, na pale palikuwa na vijiko arobaini, maana nyuma ya jiko lile pametupwa mchanga mweusi wa miaka yote. Unga wangu ulikuwa humo ndani, umechanganyika, hauna jina wala mahali ulipotoka. Nikaangalia sahani, nikamwangalia Yaya, na nguvu za kukasirika zikaniisha. Nikakaa kwenye benchi pamoja na chupa zangu.

Alasiri nilifungua kopo. Vijiko vitatu. Nikachora mpango: kijiko cha kwanza, mto chini ya machimbo. Cha pili, chemchemi. Cha tatu, mto juu ya machimbo, ili nilinganishe.

"Na mutungi wangu?" Yaya aliuliza.

"Mtungi gani?"

"Wa jikoni. Pima na mutungi."

"Yaya, mtungi wako una maji ya chemchemi. Chemchemi nitaipima. Ni maji yale yale!"

"Yale yale yanakaa mule siku mbili, siku tatu."

"Maji hayageuki kuwa sumu kwa kukaa." Nilisema hivyo. Mimi, mwalimu wa kemia.

"Mudogo wangu, sisi hatukunywi ku chemchemi. Tunakunywa mu mutungi."

Nikamweleza tena. Akarudia maneno yale yale. Nikamweleza kwa mchoro, juu ya vumbi, kwa kijiti. Akautazama mchoro kwa heshima, kisha akasema, "Sawa. Lakini pima mutungi." Alikuwa hivyo hivyo Nyangwe, akishika jambo haachii. Nilichoka. Nilitaka kunyamaziwa tu. Nikasema haya, haya, tupoteze kijiko kwenye mtungi, na mto wa juu tuuache, na Idrisa akinicheka nitamwambia ni dada yangu.

Tulichota lita ya mtoni. Kabla ya jua kuzama tulipanda mlimani pamoja, nikaona kwa macho yangu anavyoshika mizizi ili asianguke, na nikashika maneno yangu. Lita ya tatu tuliichota mtungini. Safari hii nilimweleza Yaya kila kitu, vitundu, salfa, kwa nini weusi ndiyo mali na maji ndiyo takataka. Alicheka sana. "Kazi yenu iko kinyume na yetu," alisema.

Asubuhi iliyofuata tulivuta unga pamoja. Yeye alishika sumaku ubavuni mwa chupa, mikono ikatetemeka, unga ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza. Nikaweka mikono yangu juu ya mikono yake, nikabana, na kwa njia hiyo tukamwaga maji ya chupa zote tatu. Vichupa vitatu vya dawa nikavifunga kwenye pindo la kitenge nilichovaa, na nikaapa havitatoka hapo mpaka Kasongo.

Wakati wa kuagana Yaya alinionyesha mahali pa kumpigia. Simu inashika mtandao sehemu moja tu pale nyumbani, ukisimama umeegemea ukuta wa jiko kwa nje. "Ukipiga asubuhi utanikuta hapa," alisema. Riziki alinipa viatu vyake vya plastiki, vikanibana njia nzima.

Kurudi sitakuchosha nako. Mvua, magogo, kizuizi. Yule kijana wa chafya alinitambua akasimama mbali, akaniachia kamba bila kugusa mzigo. Amisi alituangusha mara moja tu na akadai pongezi. Kasongo nilifika na goti limevimba, vichupa vyangu salama, nikavikabidhi kwa msafiri wa kuaminika aliyekuwa anakwenda Bukavu. Kisha nikangoja. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, maabara hawana umeme. Ya tatu, mashine inangoja kipuri. Ya nne nilianza kumtumia Idrisa jumbe fupi ambazo mwalimu hapaswi kumwandikia mwanafunzi wake.

Hatimaye alipiga, asubuhi ya Jumamosi, nikiwa nachambua mchele uani.

"Mwalimu, majibu. Kichupa cha kwanza, mto: kuna zebaki, si nzuri, wasiyanywe. Cha pili, chemchemi: safi. Safi kabisa."

"Alhamdulillahi!" Nilimwaga mchele. "Nilijua. Nilijua!"

"Subiri, Mwalimu. Cha tatu ulichota wapi? Shimoni kwenyewe?"

"Cha tatu ni upuuzi wa dada yangu. Ni chemchemi hiyo hiyo, mtungini."

"Mwalimu, hicho cha tatu kina zebaki kuliko mto, na kuliko sana. Tumepima mara mbili. Huo mtungi unakaa wapi?"

"Jikoni," nikasema, na nikaanza kuona. Moto. Mtungi, mdomo wazi. Ukutani mwiko, kichungio, kifuniko cha kopo la sardini kilichoungua buluu. Yaya huwa anachomea donge lake la dhahabu na zebaki juu ya kifuniko hicho, humo humo jikoni, kwenye moto wa ugali, kama wengine wengi. Moshi unapanda, unapoa, unashuka juu ya kila kitu, juu ya ukuta, juu ya chakula, ndani ya mtungi ambao kila tone lake amelibeba kichwani kutoka mlimani. Nilikaa ndani ya jiko lile siku tatu. Nilikula humo. Nilipima mto mzima na nyumba ya dada yangu sikuitazama, na ningepata nilichotaka, chupa zangu kumi na mbili bila kasoro na mtungi bila kuguswa, ningerudi kwao na kuwaambia endeleeni, maji yenu ni mazuri.

Nikampigia Yaya. Ikagoma. Nikapiga, ikagoma. Nikatukana mtandao, nikatukana mlingoti, nikatukana simu yenyewe. Mara ya saba alipokea, na kabla sijasema neno akaanza yeye, kwa furaha.

"Mudogo wangu! Nilikuwa natafuta wewe tangu juzi! Riziki amezaa! Mutoto mwanamuke, muzima, analia vizuri, tumemupa jina lako!"

Machozi yalinitoka. Nikasema Mungu ni mkubwa, nikasema hongera. Kisha nikauliza.

"Yaya, wako wapi sasa hivi?"

"Wako hapa nyuma ya ukuta. Mu jiko. Si unajua desturi, muzazi na mutoto wanakaa ku moto, baridi isiwashike. Mimi sizimi moto, muchana na usiku."

"Na dhahabu unachomea wapi?"

"Si hapo hapo. Moto uko tayari, niwashe mwingine wa nini?"

"Yaya. Nisikilize. Watoe."

"Nini?"

"Ni moshi wa dhahabu, Yaya. Umo mtungini, umo ukutani, umo mikononi mwako. Mto uachane nao, chemchemi ni nzuri, wewe hukumuua mtu kwa maji ya chemchemi, unanisikia? Ni lile jiko. Mtoe Riziki, mtoe mtoto, sasa hivi, kabla ya mtungi, kabla ya kitu chochote. Na usikate simu. Nataka nisikie."

Hakuuliza kwa nini. Hakubishana, yeye ambaye hubishana hata juu ya chumvi. Nilisikia simu ikigonga kitu alipoiacha pale ukutani, nikasikia miguu yake ikikimbia kuzunguka ukuta, na mlango, na sauti ya Riziki ikiuliza mama kuna nini, baridi hii, mtoto hajavaa kitu. Kisha ikawa kimya, nikabaki uani Kasongo na simu sikioni, mchele umetapakaa miguuni, nikimwomba Mungu mtandao usikatike.

Halafu mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kilio cha mtu aliyetolewa kwenye joto bila kuombwa ruhusa, nje kabisa, kwenye upepo. Nikakaa chini juu ya mchele nikamsikiliza.